Siku Mama Victorine Alishona Kaye

Mama Victorine anajua kupikia bantu mia mbili. Bantu batatu njo balitaka kumushinda.

Hapa kwetu ku Kampemba, kama muntu amekufa, banatumaka mutoto mbio kuita padri, na mutoto mwengine mbio zaidi kuita Mama Victorine. Anakuyaka na kitambaa ku kichwa na mwiko yake mwenyewe, murefu sawa mupini ya jembe. Anasimama pa kati ya parsele, ule uwanja ya nyumba, anazungusha macho mara moja, anasema: "Maharagi mifuko mbili, bunga mifuko nane, kuku makumi tatu." Hakoseake. Chumvi anaitupaka na mukono muzima, haonjake. Na wakati bengine banaimba na kulia, yeye iko nyuma ya nyumba, mu moshi, sauti yake inapita ukuta tatu: "Kuni! Nani anakalia kuni yangu?"

Ni mama yangu mukubwa. Mama yenye alinizala ni mudogo yake, iko Kasomeno anauzisha samaki, na mie naishi kwa Mama Victorine tangu niliacha masomo mu mwaka ya tano. Bantu banasemaka siongei. Ni kweli. Mu nyumba yenye iko Mama Victorine, sijui ningeongea saa gani.

Bwana yake ni Papa Donat. Baba yake alikuwa muntu ya reli, na Papa Donat alirizi ile tabia ya kuangalia saa kila wakati, hata kama hakuna kintu chochote inaondoka wala kufika. Miaka mbili imepita, alitoka ku mafunzo ya parokia na karto mukononi. Mu karto mulikuwa bandege badogo ya rangi ya udongo, banene sawa ngumi ya mutoto. Wafaransa banasema caille, siye tunasemaka kaye, na bengine banaitaka kware. Alibajengea kage nyuma ya nyumba, akaanza kuuzisha mayai. Majirani balichekaka mpaka balichoka. "Papa Donat, hizi kuku zako zitakomaa lini?" Yeye aliendelea kubapa chakula. Kila asubui alipita mbele ya kage, anasema bonjour, anaangalia saa.

Mutoto yabo mukubwa ni Yaya Lydie. Iko anauzisha dawa mu farmasi. Kule njo alikutana na Aaron, kijana muzuri, mupole, yenye alikuya kununua dawa ya kikohozi miezi tatu bila kukohoa hata siku moja. Aaron na bantu yake batoka Kasai. Mama yake, Mama Mujinga, iko na duka ya misumari na rangi ya nyumba. Baba yake alikufa, kwa hiyo mukubwa ya jamaa ni babu, yenye bote banaitaka Kaku Liévin. Alikuwa direktere ya masomo zamani. Anavalaka kravati hata mu jua ya mwezi ya kumi, na kofia nyeusi yenye hatoshake kama hajakaa.

Kaku Liévin alikuya kwetu mara mbili. Mara ya kwanza alisikiliza, akasema: "Nimesikia." Mara ya pili alisikiliza tena, akasema: "Ninawaza." Pale pa mulango alivala kofia na kuongeza: "Siku ya Mungu kiisha misa nitakuya kula. Nikimaliza kula, nitasema."

Siku ile Mama Mujinga alimuvuta Yaya Lydie pembeni, akamuambia masikioni kwamba mwaka jana, ku jamaa moja ya kule Karavia, Kaku alikula nusu, akanawa mikono, akaomba kofia yake. Ndoa ile ilikufia pale pale. Na Kaku alikuwa anapenda ule binti sana.

Yaya Lydie alikuya nyuma ya nyumba. Mama Victorine alikuwa anachagula maharagi.

"Mama, naomba kintu moja."

"Sema."

"Usibapikie chakula ya kilio."

Vidole ya Mama ilisimama mu maharagi. "Chakula ya kilio njo nini?"

"Ile ya chungu kubwa, Mama. Kuku vipande-vipande, mafuta inaogelea, kila muntu anachunguza mupaja iko wapi. Iko butamu, mie sikatae. Mais lakini Kaku Liévin anakulaka na kanya."

"Na kanya," Mama alisema. Kanya njo uma ya mezani.

"Na kisu."

"Sawa, mama yangu."

Yaya Lydie aliingia mu nyumba. Mama aliendelea kuchagula, mais nilimuona anatupa maharagi ya muzuri na anabakisha mawe. Muntu yenye alilisha nusu ya Kampemba mu machozi yabo, mutoto yake mwenyewe anamuogopa kwenye meza ya bantu batatu. Hakumufokea. Hakuimba tena mpaka jua ilishuka.

Kesho yake ku robine ya maji alikutana na Ephraïm, jirani yetu. Ephraïm anapikia patro moja, bosi yake, kule Karavia, na anatembeaka polepole sawa muntu anabeba supu. Mama alimueleza yote. Ephraïm aliacha bidon yake ijae na kumwangika.

"Mama Lydie, uko na bakaye mu kage na unalia?"

"Silie. Ninauliza."

"Sikiliza basi. Patro yangu, kama iko na bageni bakubwa, anataka paka kaye. Unamutosha manyoya. Unatosha bintu ya ndani: maini, moyo, filigisi. Unaikata bidogo-bidogo sawa mutama. Unatia mukate wenye ulilowa mu maziwa, kitunguu, seleri, yai. Unarudisha yote mu tumbo. Unashona."

"Unashona? Sawa robe?"

"Sawa robe. Kila muntu na ndege yake muzima pa sahani. Hakuna wa kuchunguza mupaja."

Mama alimuangalia murefu. Kiisha akasema: "Kila muntu na ndege yake," na akabeba bidon bila kusema kwa heri.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuambia Papa Donat. Alimukuta mbele ya kage.

"Donat, nataka kaye kumi na mbili ya siku ya Mungu."

Papa Donat aliangalia saa. "Kumi na mbili."

"Na tatu ya kujifunza."

"Kumi na tano! Victorine, unaniacha na nini?"

"Na bibi."

Papa aliwaza. Akafungua kage mwenyewe, mais aligeuza uso.

Siku ya posho, siku moja mbele ya siku ya Mungu, asubui, tulianza kujifunza. Ninasema tulianza, mais mikono ilikuwa yake. Ephraïm alikuwa na konje, siku ya kupumzika, alikuya na kiti yake, akakaa sawa juge.

Kaye ya kwanza Mama alimutia mu maji ya moto sawa vile anatiaka kuku ya kilio. Alipomutosha, ngozi yote ilibaki mu maji na manyoya. Ndege ilibaki uchi kabisa, mudogo sawa dole gumba.

"Umemuvulisha hata shimizi," Ephraïm alisema.

"Nyamaza. Ya pili."

Ya pili alimutosha manyoya bila maji, na vidole mbili tu, polepole, anashika pumuzi. Ngozi ilibaki. Mais tumboni alijaza sawa anajaza mufuko ya makala, anasukuma na dole, anaongeza, anasukuma. Mu chungu kaye ilipasuka, puu, mukate ikatoka pande zote.

Ya tatu ilishonwa muzuri, haikupasuka, ilikuwa na rangi ya kuvutia. Papa Donat aliitwa kuonja, juu bandege ni yake. Alikata kipande, akatafuna. Akatafuna tena. Akakunywa kopo moja ya maji. Akakunywa ya pili.

"Iko muzuri," alisema, na akaomba ya tatu.

Ephraïm alionja na ncha ya ulimi. "Mama Lydie, hii chumvi ulihesabia bantu bangapi?"

Mama aliangalia mukono yake sawa ni mukono ya muntu mwengine. Miaka makumi mbili ile mukono inashika chumvi ya bantu mia mbili, haijui kushika ya muntu moja. Akachukua kamba ya kitambaa, akaniambia nimufungie kidole ya mwisho na ile ya karibu yake, ngumu, ilale mu kiganja. Ikabaki bidole tatu. "Sasa," alisema, "hata ikitaka, haiwezi." Na hivi njo alitia chumvi siku ile na kesho yake, mukono yake imefungwa sawa muntu aliungua.

Siku ya Mungu alienda ku misa ya kwanza, ile ya asubui sana, na saa tatu bandege kumi na mbili balikuwa pa meza, bamelala mugongo, bazuri, ngozi nzima. Uzi ya kushona alikuwa nayo. Unajua ule uzi mweupe ya mufuko ya bunga, yenye ukipata mwanzo yake unaivuta mara moja na mufuko yote inafunguka, krrr? Mama anaitunzaka, ku msumari nyuma ya mulango, miaka na miaka. Aliichemsha, akatia ku sindano ya blanketi, akashona matumbo kumi na mbili, na kila mara alikata uzi na meno.

Fuuru ya kuokea hatuna. Alichukua ile chungu ya chini pana, akapanga bakaye ndani sawa batoto mu kitanda moja, akaweka mbabula ya makala chini, akafunika, na juu ya kifuniko akamwanga makala ya moto, sawa vile tunapikaka gato, ile keki ya ubatizo. Ephraïm alisema dakika makumi mbili na tano. Papa Donat alitosha saa yake.

"Weka saa yako," Mama alisema. "Rozari moja na Litania ya Bikira. Njo dakika makumi mbili na tano, nilishapima." Akakaa pa kiti ya Ephraïm, akaanza kusali kwa sauti, na pa kila makumi aligeuza makala na koleo.

Alikuwa mu fumbo ya nne ya rozari wakati mutokari ya Mama Mujinga ilipiga honi ku mulango. Tulisikia kravati ya Papa Donat inakimbia, na yeye ndani. Karibuni, karibuni, fotei iko hapa Kaku, hapana si ile, ile iko na msumari. Kiisha Papa alikuya nyuma ya nyumba, anajipangusa jasho, anacheka.

"Balifika. Kaku ametosha kofia. Nipe filigisi nione kama sahani yake iko muzuri."

Mama alibaki na shanga mukononi.

"Filigisi?"

"Ya Kaku. Uliiweka ku sahani gani?"

Hapa ninapashwa kueleza, juu pengine unasoma hii na kwenu haiko hivi. Kwetu, na kwa bantu ya Kasai zaidi, filigisi ya ndege ni ya mukubwa. Haiulizwake. Mwanamuke anaweza kupika kuku maisha yake yote bila kuionja. Ukimupa mugeni kuku na filigisi haiko, unamuambia moja ya mambo mbili: muntu mu jikoni aliikula, ao hapa kwetu wewe hauko mukubwa. Na kwa bakwe benye hawajajibu, hii ya pili ni mulango unafungwa mu uso. Mama anajua hii kuliko bote. Ku kilio, filigisi ya kuku makumi tatu anaitiaka mu chungu yake ya pembeni, anaihesabu, anaituma mwenyewe kwa bazee. Mais hizi tatu siku aliwaza ngozi, akawaza uzi, akawaza chumvi, akawaza kanya na kisu. Filigisi za kaye ni bidogo sawa mbegu ya mahindi. Alizikata zote kumi na mbili, akazichanganya na mukate.

Aligeukia Ephraïm. "Ephraïm. Patro yako anaulizaka filigisi?"

"Kule Karavia?" Ephraïm alishika kichwa. "Mama Lydie, patro yangu hajui hata kama ndege iko na filigisi."

Yaya Lydie alikuwa anakuya kuchukua sahani. Alisikia yote. Akakaa chini, pa udongo, na robe yake mupya, akaanza kulia bila sauti.

"Simama, utachafuka," Mama alisema, mais sauti yake ilikuwa ndogo. Sikuwahi kusikia ile sauti.

Papa Donat aliangalia saa. Kiisha alipita ku mulango ya nyuma, tukasikia anaita pikipiki. Mama alimaliza Litania, juu bandege haingoje. Dakika kumi hazikufika, Papa alirudi, anapumua, anatosha mu mufuko ya koti kasashe ya plastike. Ndani mulikuwa filigisi moja ya kuku ya frigo, ngumu sawa jiwe, na barafu juu yake.

Mama alifungua chungu. Moshi ya butamu ilipanda, na pale bakaye kumi na mbili balikuwa na rangi ya asali, banangaa. Alitosha moja, akaiweka pa sahani. Akaweka ile filigisi pembeni. Filigisi ilikuwa nene kupita kichwa na shingo na mupaja pamoja.

"Donat," alisema, "hii ndege ilimeza hii filigisi, ao hii filigisi ilimeza ndege?"

Ephraïm alishika mudomo, mais kicheko ilimutoka mu pua. Papa Donat naye. Hata Yaya Lydie, pale chini na machozi, mabega yake yalianza kutikisika. Mama peke yake hakucheka. Aliambia Papa arudishe ile kintu mu mufuko yake, akaambia Lydie anawe uso na kupeleka sahani.

Balikula mu salon. Mie nilibeba bukari, ule ugali yetu, kiisha nikabaki pa pembe ya rido, pazia ya mulango, pale ninakaaka. Kaku Liévin alikaa mu fotei, Mama Mujinga ku mukono yake ya kuume, Aaron ku kiti ya mwisho, Papa Donat mbele yabo. Kila muntu na kaye yake, sosi ya bitunguu, mboga ya lenga-lenga pembeni. Mama Mujinga aliangalia sahani, akasema "Yoo," akaacha kanya, akashika ndege na bidole.

Kaku alitumia kanya. Kwanza aligeuza ndege kushoto. Akaigeuza kuume. Akainua bawa na ncha ya kisu. Akasukuma sosi pembeni, akaangalia chini yake. Akainua lenga-lenga. Ilisikika tu Mama Mujinga anatafuna mifupa, na kintu ingine, tik, tik, tik. Ilikuwa barafu ya filigisi, inayeyuka mu mufuko ya Papa Donat na kudondoka pa simenti.

Kaku aliweka kanya chini.

"Papa Donat."

"Kaku."

"Hii ndege ilizaliwa bila filigisi?"

Papa Donat alifungua mudomo. Mukono yake ilienda ku mufuko. Ikarudi. Ikaenda tena.

Pale njo rido ilifunguka pembeni yangu, na Mama Victorine aliingia.

Mama ya binti haingiake pale mukwe anakula. Aaron alipomuona, aliruka na sahani yake, akageukia ukuta, akabaki amesimama pale, uso karibu na kalendari, mukono inashika ndege. Mama alipiga magoti mbele ya Kaku, akapiga makofi mara tatu, polepole. Kidole zake mbili zilikuwa bado zimefungwa na kamba.

"Kaku, filigisi haikuibiwa. Hii mukono njo iliikata. Iko mu tumbo, na mukate. Mie ninapikaka ku kilio, chungu kubwa, na kule sikosee. Nilitaka kupikia bantu bachache, muzuri, sawa bantu benye banakula na kanya. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Niliangalia uzi, nikasahau mukubwa. Lydie hakujua. Kama kuko makosa, iko yangu, si ya mutoto."

Alisema yote na sauti ya kawaida, ile ya nyuma ya nyumba, kwa hiyo majirani pia balisikia.

Kaku alishika kisu. Akakata uzi mweupe, akauvuta, ukatoka wote, krrr. Mukate ukafunguka, na ndani vipande-vipande ya rangi ya kahawa.

"Kumi na mbili ndege," alisema. "Kumi na mbili filigisi. Na kila muntu iko na ya kwake ndani."

"Ndiyo, Kaku."

"Banamuke pia."

"Ndiyo."

Kaku aligeuka polepole ku mukono ya kuume. Sahani ya Mama Mujinga ilikuwa na mifupa tu, na uzi, umekunjwa muzuri pembeni.

"Mujinga. Umekula filigisi mbele yangu?"

"Kaku, nilikula bila kujua."

"Na sasa unajua."

"Sasa najua." Mama Mujinga alipangusa mudomo. "Njo ninaangalia kama kuko ya pili. Miaka makumi tatu na tano ninaipika, ninaisikia arufu, ninaipeleka ku banaume, ninafunga mudomo. Kumbe njo butamu mulikuwa munaficha hivi? Munishitaki ku jamaa yote. Nitaenda kwa miguu."

Kutoka ku ukuta, Aaron alikohoa. Ilikuwa kicheko. Kaku alimuangalia mugongo.

"Na wewe mutoto, unakula na kalendari?"

"Ndiyo, Kaku."

"Iko butamu?"

"Butamu sana, Kaku."

Kaku Liévin alichukua kanya, akaiangalia, akaiweka. Akakunja mikono ya shati. Akashika kaye na bidole, akauma. Alikula kifua, akakula mapaja, akavunja bawa na meno, akapangusa mukate wa mwisho na bukari. Tulihesabu kila kipande, mie pa rido, Yaya Lydie nyuma yangu ameshika mugongo ya robe yangu na ngumi mbili. Mama alikuwa bado pa magoti. Papa Donat hakuangalia saa hata mara moja.

Wakati sahani ilibaki nyeupe, Kaku aliomba maji. Akanawa. Akapangusa kidole moja moja. Na akanyoosha mukono, na Papa Donat, na uso ya muntu anaenda kufungwa, akamupa kofia.

Kaku hakuivala. Aliiweka pa magoti yake.

"Mama Lydie," alisema, "ya leo haihesabike. Ndege ndogo, makosa ndogo, butamu kubwa, tunafunga. Mais siku ya ndoa sitaki mambo ya kushona. Ninataka jogoo, mukubwa, na filigisi yake muzima, pa sahani yangu peke yangu. Na huyu Mujinga akae mbali."

Papa Donat aliwaza. "Ndoa gani, Kaku?"

"Ya ule anapasula robe ya mwenzake nyuma ya rido."

Mpundu ya kwanza, ile vigelegele ya furaha, ilitoka kwa Mama Mujinga, na ya pili ilitoka inje, kwa Ephraïm: banaume habapigake mpundu, mais yeye alipiga. Aaron aligeuka kutoka ku ukuta, akakumbuka mama mukwe bado iko pale, akarudi ku ukuta, anacheka na kalendari. Robe yangu kweli ilipasuka ku mugongo. Yaya Lydie alinikumbatia kutoka nyuma na sikuweza hata kuanguka.

Mama alitia mukono chini ili asimame. Kaku Liévin mwenyewe njo alimushika mukono, ile yenye kamba. Aliiangalia.

"Uliumia?"

"Hapana, Kaku. Ni ya chumvi."

Kaku hakuelewa, na hakuuliza.

Kiisha, wakati banaume balianza kuongea siku na bantu bangapi, Mama Mujinga alivula biatu yake ya kisigino mrefu, akakuya nyuma ya nyumba, miguu chini, akakaa pa kiti ya Ephraïm. Mu chungu kulibaki kaye nane. Alichukua moja, akamupa Mama moja.

"Kula, mwenzangu. Hujala."

Ni kweli, Mama alikuwa hajaonja. Hata ku kilio haonjake. Alifungua kamba ku bidole na meno, akakata uzi, akatia kipande mu mudomo, ile ya ndani, na mukate. Alitafuna murefu, macho yamefungwa.

"Ilikosa chumvi kidogo," alisema.

"Chumvi iko sawa."

"Kidogo tu."

"Nionyeshe namna ya kushona," Mama Mujinga alisema. "Na usiseme kwa Kaku."

Mama aliita: "Ephraïm! Nani anakalia sindano yangu?" Sauti ilipita ukuta tatu. Mu salon nilisikia Papa Donat anasema pole kwa bageni, anasema bibi yake iko hivi, na Kaku Liévin anajibu kwamba amesikia, amesikia muzuri, baendelee na hesabu ya bantu. Balikuwa balifika mia mbili na kumi.